Namna ya Kukadiria Wingi wa Panya na Virukanjia Mjini bila Kutega Mitego

Mtu akitaka kujua ni panya wangapi wanaoishi katika mtaa wa mjini, njia ambayo vitabu vya ikolojia humwelekeza kwanza ni ya kuwanasa wakiwa hai, kuwatia alama, kuwaachia na kuwanasa tena, kisha kukokotoa idadi kutokana na sehemu ya walionaswa mara ya pili wakiwa na alama. Njia hiyo imefanya kazi vizuri mashambani, na Morogoro, chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ni miongoni mwa mahali ambapo panya shamba wamefuatiliwa hivyo kwa miaka mingi. Mjini mambo ni mengine. Hakuna mwenye nyumba atakayekubali panya aliyenaswa jikoni mwake atiwe alama sikioni na kurudishwa palepale alipotoka, na kwa kweli ana haki ya kukataa. Mitego ya chuma huibiwa ikauzwa kama vyuma chakavu. Isitoshe, kumshika panya kwa mkono ni kujiweka karibu na mkojo wake, ambao ndio unaoeneza homa ya mgunda, ugonjwa uliozuka Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022 na kusababisha vifo.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya makadirio bila kumgusa mnyama yeyote, kwa kutumia alama anazoziacha mwenyewe. Mfano nitakaoufuata ni wa mtaa wenye nyumba zilizosongamana jijini Dar es Salaam, wa aina ya ile ya Tandale au Manzese. Wanyama wanaohusika hapo ni panya wa darini, yaani yule mweusi mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake, panya wa mtaroni aliye mzito na mwenye mkia mfupi kuliko mwili, panya mdogo wa nyumbani, panya buku, na kirukanjia, ambaye wengi humwita panya ilhali yeye ni mla wadudu na hana ukoo wa karibu na panya.

Kabla ya kununua kifaa chochote, amua unatafuta nini kati ya vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku. Kimoja ni kiashiria, yaani kipimo kinachopanda wanyama wanapoongezeka na kushuka wanapopungua, bila kukuambia ni wangapi. Cha pili ni idadi yenyewe. Kwa maswali mengi ya mjini, kama vile iwapo panya wamepungua baada ya mtaro kusafishwa au iwapo upande wa gulio una panya wengi kuliko upande wa makazi, kiashiria kilichopimwa kwa uangalifu kinatosha, tena ni cha kweli zaidi kuliko idadi iliyokisiwa. Idadi ina mvuto wake, nao umewapotosha wengi. Ule msemo kwamba kila mtu mjini ana panya wake mmoja chimbuko lake ni Uingereza mwaka 1909, pale mwandishi W. R. Boelter alipochukua makisio ya panya mmoja kwa kila ekari ya shamba, akayazidisha kwa ekari milioni 40 za mashamba ya nchi ile, na kwa kuwa nayo ilikuwa na watu wapatao milioni 40, sadfa hiyo ikageuka kuwa kanuni inayorudiwa mpaka leo kuhusu miji ambayo Boelter hakuwahi kuipima.

Mfano bora zaidi ulitoka New York mwaka 2014, nao una funzo ambalo kazi yetu nzima itaegemea. Mwanatakwimu Jonathan Auerbach hakunasa panya hata mmoja. Alichukua malalamiko ambayo wakazi huyapeleka kwa simu ya huduma za jiji, akaangalia ni viwanja vipi vililalamikiwa katika kipindi kimoja, vipi katika kipindi cha pili, na vipi katika vyote viwili, kisha akatumia hesabu ileile ya kunasa na kunasa tena, isipokuwa kwamba aliyetiwa alama hapa alikuwa kiwanja, si mnyama. Alipata makadirio ya viwanja 40,500 hivi vyenye panya, na kwa kudhani kwamba kila kiwanja kina panya 40 hadi 50, akafikia takriban milioni 2, ambayo ni kama robo ya wakazi wa jiji. Hesabu ya viwanja ni imara. Ile ya panya kwa kila kiwanja ni dhana, naye aliiweka wazi. Kutia alama mahali badala ya mnyama ndilo wazo la kushika.

Kupata vituo vya kupimia

Hatua hii ndiyo inayoharibu tafiti nyingi kuliko zote, na hakuna hesabu ya baadaye inayoweza kuirekebisha. Kishawishi ni kuweka vifaa pale ambapo wakazi wanakuonyesha kwa kidole, penye jalala au karibu na mama lishe, kwa sababu hapo ndipo utapata alama nyingi. Ukifanya hivyo utakuwa umepima majalala, si mtaa. Chukua ramani ya mtaa inayoonyesha nyumba moja moja. Kwa kata nyingi za Dar es Salaam kazi hiyo imekwisha kufanywa na mradi wa Ramani Huria, na ramani zake ziko wazi katika OpenStreetMap. Chora juu yake miraba ya mita 50 kwa 50, ipe namba, kisha chagua miraba 40 kwa bahati nasibu, hata kama ni kwa kuchanganya vikaratasi ndani ya kofia. Kituo chako ni nyumba au uwazi ulio karibu zaidi na katikati ya mraba. Mwenye nyumba akikataa, nenda nyumba inayofuata upande wa kulia, na uandike kwamba alikataa, maana kama wanaokataa wengi ni wenye maduka ya nafaka, hilo lenyewe ni habari.

Usianze bila kupita kwa mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa mashina, na kama unafanya utafiti rasmi nchini Tanzania utahitaji kibali cha COSTECH, kama ambavyo Kenya utahitaji cha NACOSTI. Mbali na sheria, mjumbe ndiye atakayewaeleza watu kwamba vibao vyeusi vya kunasa nyayo, nitakavyovieleza hapa chini, vilivyowekwa ukutani usiku si uchawi.

Mabamba ya masizi

Kifaa ninachokipendekeza kuliko vyote kwa fedha kidogo ni bamba la nyayo. Watafiti wamekitumia kwa mafanikio katika vitongoji duni vya Salvador nchini Brazil, mazingira ambayo hayatofautiani sana na ya kwetu kwa msongamano, mitaro ya wazi na takataka. Kata plastiki nyeupe iliyo ngumu katika vipande vya sentimita 20 kwa 20. Kusanya masizi, ya kibatari yakiwa bora kwa kuwa ni laini kuliko ya sufuria ya kuni, yachekeche kwa kitambaa chepesi, uyakoroge na spiriti mpaka yawe kama rangi nyepesi, kisha upake kwa brashi. Spiriti ikikauka hubaki unga mweusi ulioshika vizuri, ambao mnyama akiukanyaga huondoka na unyayo wake na kuacha umbo jeupe lenye kila kidole. Jaribu nyumbani kwa kubonyeza kidole: kama mistari ya ngozi haionekani, umepaka mazito mno.

Katika kila kituo weka mabamba matano, manne pembeni na moja katikati kama upande wa dadu wenye nukta tano, yakiwa yameachana mita moja hivi. Penye nafasi finyu, yapange sambamba na ukuta, kwa kuwa panya hupenda kugusa ukuta anapotembea na mara chache hukatiza uwanja. Kama nia yako inahusu panya wa darini, mawili kati ya hayo ni lazima yawe juu ya ukuta au kwenye kenchi. Bamba la sakafuni peke yake litakuonyesha mtaa ulio na virukanjia wengi na panya wachache, na picha hiyo itakuwa ya uongo. Usiweke chambo. Dagaa mmoja juu ya bamba ataleta panya wa nyumba ya tatu, nawe hutajua tena unapima eneo la ukubwa gani. Yaweke jioni, yasome asubuhi, yapake upya, na urudie usiku wa pili palepale.

Msimu una uzito. Wakati wa masika mvua itafuta mabamba ya nje na mafuriko yatawahamisha panya wa mtaroni kuwaingiza majumbani, kwa hiyo kipimo cha Aprili hakilinganishwi na cha Agosti. Linganisha kiangazi na kiangazi, na uandike pia siku ambayo gari la taka lilipita.

Kusoma nyayo

Piga picha kila bamba kutoka juu, rula ikiwa kando, hata lile lisilo na kitu, maana bamba tupu ni data sawa na lililojaa. Kanuni ya kwanza ya utambuzi ni kuhesabu vidole. Panya wa aina zote ana vidole vinne vinavyoonekana mguu wa mbele na vitano mguu wa nyuma. Kirukanjia ana vitano mbele na vitano nyuma. Kutenganisha panya mmoja na mwingine ni kazi ngumu zaidi. Panya mdogo wa nyumbani hujulikana kwa udogo wa unyayo, na panya buku kwa ukubwa, lakini unyayo wa panya wa darini na ule wa panya wa mtaroni aliye mchanga hukaribiana mno, na mimi ningeona ni uaminifu kuandika «panya mkubwa» kuliko kulazimisha jina. Kinyesi kilicho karibu husaidia: cha panya wa mtaroni ni kinene, chenye ncha butu, cha milimita 20 hivi, cha panya wa darini ni chembamba, kimepinda na kuchongoka, cha milimita 12 hivi, cha panya mdogo hakizidi ukubwa wa punje ya mchele. Utakuta pia mikwaruzo ya mende, vidole vya mjusi vyenye ncha za duara, njia ya konokono na, bila shaka, paka. Watu wawili wasome picha zilezile bila kuonyeshana majibu. Wakitofautiana kwa zaidi ya bamba moja kati ya kumi, rudini mkajifunze upya.

Hesabu mbili zinazotosha

Tuseme katika usiku wa kwanza vituo 18 kati ya 40 vilikuwa na nyayo za panya, usiku wa pili vituo 20, na vituo 12 vilikuwa na nyayo usiku wote. Ukihesabu vituo vyote vilivyowahi kuonyesha alama utapata 26. Lakini ni dhahiri kwamba panya wanaweza kuwapo na wasikanyage bamba, kwa kuwa kati ya vituo 20 vya usiku wa pili ni 12 tu vilivyoonekana usiku wa kwanza, yaani uwezekano wa kuwagundua kwa usiku mmoja ni kama asilimia 60. Zidisha 18 kwa 20, ugawanye kwa 12: utapata vituo 30 vyenye panya, sawa na asilimia 75 ya mtaa, vinne zaidi ya ulivyoviona kwa macho. Hiyo ndiyo hesabu ya viwanja vya New York katika umbo lake jepesi kabisa. Udhaifu wake ni kwamba inadhani vituo vyote vyenye panya ni rahisi kugundulika kwa kiwango kimoja, jambo ambalo si kweli, na kwa hiyo jibu huelekea kuwa dogo kuliko hali halisi. Mwenye kutaka kulitatua hilo aongeze usiku wa tatu na wa nne, kisha atumie modeli za ukaaji, yaani zile zinazokadiria kwa pamoja vituo vyenye mnyama na uwezekano wa kumgundua, ambazo programu huria za takwimu kama R zinazo.

Hesabu ya pili inahusu wingi, na hapa kuna mtego ambao huwanasa hata wazoefu. Tuseme upande wa makazi mabamba 120 kati ya 400 yalikanyagwa, yaani asilimia 30, na upande wa gulio 240, yaani asilimia 60. Mtu atasema gulio lina panya mara mbili. Sivyo, kwa sababu bamba lililokanyagwa na panya mmoja na lile lililokanyagwa na sita huhesabika sawa, na kadiri panya wanavyoongezeka ndivyo wanavyozidi kukanyaga mabamba yaliyokwisha kukanyagwa. Chukua sehemu ya mabamba yaliyobaki safi, tafuta logarithimu asilia yake (kitufe cha «ln» kwenye kikokotoo), uondoe alama ya kutoa. Kwa makazi, 0.7 inatoa 0.36, kwa gulio, 0.4 inatoa 0.92. Uwiano ni mara mbili na nusu na ushei. Kadiri unavyokaribia asilimia mia ndivyo pengo linavyopanuka: asilimia 80 ni 1.61, asilimia 95 ni 3.00, karibu maradufu, ingawa kwa kuangalia asilimia tupu ungedhani tofauti ni ndogo. Ukiona mabamba yako yanazidi asilimia 90, punguza muda wa kuyaacha, kwa mfano kwa kuyaondoa saa sita usiku, badala ya kuamini namba hizo.

Kadirio lisilo na ukingo wa mashaka halifai kuchapishwa. Mabamba matano ya kituo kimoja si mashahidi watano, ni mashahidi wa familia moja, kwa hiyo mashaka yapimwe kwa vituo. Njia rahisi ni kuiambia kompyuta ichague vituo 40 kutoka katika orodha yako kwa nasibu, ikiruhusu kituo kimoja kurudiwa, ikokotoe kiashiria, na irudie zoezi hilo mara 1,000. Matokeo 950 ya katikati ndiyo upana ambamo ukweli huenda umo.

Kamera

Kamera zinazojifyatua zenyewe mnyama anapopita zimeleta njia ya kupata idadi kwa eneo bila kutambua mnyama mmoja mmoja, iliyoandikwa na mtafiti Rowcliffe na wenzake mwaka 2008. Idadi kwa kilomita ya mraba ni picha kwa siku, zidisha kwa pai (3.14), ugawanye kwa zao la mwendo wa mnyama kwa siku, umbali ambao kamera huona, na pembe yake kwa radiani ikiongezwa 2. Ukipata picha 1.5 kwa siku, na panya akitembea nusu kilomita kwa siku, kamera ikiona mita 3 kwa pembe ya radiani 0.7, yaani nyuzi 40 hivi, jibu ni panya 1,160 hivi kwa kilomita ya mraba, au karibu 12 kwa hekta. Sasa punguza mwendo uwe robo kilomita: idadi inakuwa maradufu papo hapo, ilhali hakuna aliyezaliwa. Mwendo huo unatakiwa upimwe katika mtaa wako, na hapo ndipo wengi huazima namba ya nchi nyingine. Njia hii pia inadhani wanyama hupita kila upande bila mpangilio, na panya wa uchochoroni afuataye ukuta hafanyi hivyo. Kwa sababu hizo naiona inafaa zaidi bustanini, makaburini na viwanja vya vyuo.

Usiku wa joto wa pwani nao ni kikwazo, kwa kuwa vihisi vya kamera hutegemea tofauti ya joto kati ya mwili na mazingira, na mwili wa gramu 30 hautoi joto la kutosha kwa mbali. Elekeza kamera chini, kutoka kimo cha mita moja au moja na nusu, juu ya eneo dogo ulilolipima, na uangalie kwanza kama lenzi inaona vizuri kwa umbali huo. Picha za watu ufute siku hiyohiyo: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na hata bila sheria, hakuna anayependa kupigwa picha akielekea msalani.

Njia nyingine, kwa ufupi

Ndani ya ghala lililofungwa unaweza kupima kwa mlo. Weka nafaka iliyopimwa katika visahani vingi, ujaze kila jioni, mpaka kiasi kinacholiwa kiache kupanda. Kisha gawanya kwa mlo wa mmoja, ambao ni gramu 15 hadi 20 kwa panya wa darini na 3 hadi 4 kwa panya mdogo. Gramu 900 zikitoweka, una panya wa darini kati ya 45 na 60. Weka kisahani kimoja ndani ya wavu usiopenyeka, ili ujue unyevu wa pwani umeongeza uzito kiasi gani. Sokoni njia hii haina maana, kwa kuwa panya ana vyakula vingine vya kuchagua, na virukanjia haitawaona kabisa.

Mahojiano nayo yana nafasi, mradi swali liwe la tukio na muda. Usiulize kama kuna panya wengi. Uliza kama kuna aliyeona au kusikia panya ndani ya nyumba tangu jana jioni, na kama kuna kitu kilichogugunwa. Kwa wanyama wengine wa mjini wasio panya, kama komba juu ya miembe, tembea usiku kwenye njia iliyopangwa ukiwa na tochi, uandike umbali kutoka njia hadi kila jozi ya macho inayong'aa. Kindi, kwa kuwa huonekana mchana, huhesabiwa kwa macho: mwezi Oktoba 2018 watu wa kujitolea katika Central Park ya New York walikaa katika kila hekta ya bustani asubuhi na jioni, wakaona kindi mara 3,023, na baada ya kusahihisha kwa hesabu wakakadiria kindi 2,373.

Wakati wote wa kazi vaa glavu na viatu vilivyofunikwa. Kinyesi kisifagiliwe kikavu. Kinyunyizie maji yenye jiki, subiri, kisha ukifute. Mabamba yaoshwe kwa sabuni mbali na kisima. Siku ya kurudi mtaani kutoa matokeo, usibandike ramani inayotaja nyumba ya fulani kuwa na panya, bali onyesha vizuizi vya nyumba kumi au zaidi, na umwachie mwenyekiti nakala ya orodha ya vituo vyote 40 pamoja na tarehe, saa za kuweka na kuondoa, na jinsi masizi yalivyochanganywa, ili atakayepima mwaka ujao aweke mabamba yake palepale ulipoyaweka wewe.